Kufungua Si Kupika

“Krimu ya mukebe? Mi nitatoa wapi krimu ya mukebe, huku kambi ya Dzaleka?”

Nadège aliiuliza simu kana kwamba ina masikio. Mbabula ilikuwa mlangoni, makaa yameiva, sufuria tupu imekaa kando, na ujumbe wa mchumba wake, Wilondja, umejaa kioo kizima:

“Sheri, chukua kuku ya friza, ile imeshakatwa. Fungua paketi ya supu ya uyoga, mwaga juu. Fungua mukebe ya krimu, mwaga. Fungua paketi ya fromage, ile jibini, mwaga. Tia mu four. Ukisikia harufu inageuka, inakuwa kama siagi yenye kuungua kidogo, zima mbiyo. Ni rahisi sana.”

“Anasema nini?” aliuliza Mama Annuarite, mama yake Wilondja, aliyekuwa kwenye kigoda na bakuli lake mapajani. Kila jioni alikuja na bakuli hilo.

“Anasema nifungue, mama. Fungua hii, fungua ile. Sasa hii ni kupika ao ni kufungua?”

Mama mkwe alitabasamu kidogo, akaangalia pembeni.

“Batu ba mujini, mwanangu. Njo vile banakula.”

“Na mbabula yangu niifungue wapi ndiyo iwe four, ile tanuri ya umeme?”

Mama Annuarite alisogeza bakuli mbele. Nadège akamtilia sombe, akamkatia na bonge la bugali.

Kwa sombe, wacha niseme ukweli, binti huyu wa Uvira, Kongo, hakuwa na mpinzani pale sokoni, kwenye kambi ya wakimbizi. Majani ya muhogo aliyatwanga mwenyewe mpaka yanalainika kama unga uliolowa, akayachemsha mpaka uchungu wote umetoka, akatia karanga alizozisaga kwa mkono, mawese aliyoyangoja yafike kutoka upande wa Tanzania, na usipa, dagaa wa ziwa la Malawi, mahali pa ndagala wa Tanganyika. Hakuna kitu alichofungua. Watu waliokuwa hawasalimiani walikaa benchi moja kula kwake.

Na mtu aliyempenda kwa sombe hiyo alikuwa Wilondja, fundi cherehani, mzaliwa wa Fizi, huko huko Kongo, kijana mwenye maneno matamu na vidole virefu. Walichumbiana kambini, wazee wakakaa, wakaongea, wakaelewana. Kikabaki kitu kimoja tu: chungu cha kwanza.

Katika ukoo wa akina Wilondja, harusi ya kanisani ni shangwe tu. Ndoa yenyewe ni chungu. Binti anampikia mwanamume mbele ya wakubwa. Mwanamume anakula, anasimama, ananawa mikono, anasema: “Nimekula kwetu.” Basi. Akishasema, huyo ni mke wake, hata pete ikichelewa. Kwa mama yako unasema umeshiba. Kwa dada yako unasema umeshiba. Kwa jirani, kwa pasteri, unasema umeshiba. “Nimekula kwetu” inasemwa kwa chungu kimoja, mara moja, imekwisha.

Nadège alikuwa akiyangoja maneno hayo tangu mahindi ya mwaka juzi, yakavunwa, yakaja ya mwaka jana, yakavunwa nayo. Wilondja alipata kazi ya kushona Lilongwe, mtaa wa Area 23, akawa anakuja kambini mwisho wa mwezi, anakaa siku moja, anaondoka. Kila akiulizwa kuhusu chungu, jibu lilikuwa lile lile.

“Sheri, siku ile kutakuja bageni ba mujini. Sombe ni chakula ya kambi. Jifunze hizi ninakutumia. Ukizijua, tunapanga tarehe.”

Kwa hiyo alijifunza. Masikini wa Mungu, alijifunza kwa nguvu zote! Kwanza zilikuja makaroni za mchuzi wa paketi. Akakosa paketi, akatengeneza mchuzi kwa nyanya za shambani. Halafu ikaja keki ya unga uliochanganywa tayari kiwandani. Akakosa, akachanganya wake kwa mkono. Sasa ni kuku huyu. Alinunua uyoga mbichi kwa wanawake wenyeji wa Dowa, akakamua tui la karanga mahali pa krimu, akachinja kuku mwenye mifupa yake na ukaidi wake, akaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko ili sufuria ifanane na four. Kuku akatoka mwekundu, ananukia hadi kwa majirani. Akampiga picha, akaituma.

Jibu likaja: “Hapana sheri. Usibadilishe. Fanya vile nimeandika.”

Nadège alikaa chini, akalia kwa hasira. Halafu, machozi yakiwa bado hayajakauka, swali moja likamjia. Wilondja hajui hata kuwasha mbabula. Akichemsha maji, maji yanaungua. Nani alimwambia mtu huyo harufu ya siagi inageuka lini?

Akalifukuza swali. Mapenzi yana kazi nyingi, na mojawapo ni kufukuza maswali.

“Mama,” alisema jioni ile. “Kesho ninaenda Lilongwe. Nitanunua ile mapaketi yote mi mwenyewe. Na nitamupelekea sombe, apate nguvu ya kuchagua tarehe.”

Mama Annuarite akaweka bakuli lake chini.

“Usiende, mwanangu.”

“Kwa nini?”

“Njia ni mubaya. Polisi banauliza makaratasi.”

“Nitainamisha kichwa.”

“Ngoja mwisho wa mwezi, atakuja.”

“Mama, nimengoja.”

Mama Annuarite akamshika mkono, akauachia. Nadège alidhani ni huruma.

Asubuhi alipanda kabaza hadi barabara kubwa, mwendesha baiskeli akihema mlimani, halafu minibasi hadi mjini. Mapajani alikuwa na ndoo ya majani ya muhogo, chupa ya mawese na karanga ndani ya kitambaa. Kwenye duka moja kubwa la taa nyeupe, alisimama mbele ya rafu ndefu kuliko kanisa lao. Paketi za supu zilikuwa zimejipanga, kila moja na picha ya sahani nzuri. Alichukua moja, akainusa. Hainuki. Akachukua nyingine ya rangi tofauti, akainusa. Hainuki vilevile. Zote zina uyoga kwenye picha, ipi ndiyo?

Alimpigia Wilondja. Simu ikaita, ikakatika. Akairudisha paketi, akasema moyoni: nitamwuliza mwenyewe, uso kwa uso.

Area 23 si kubwa kwa mtu mwenye kuuliza. Alimwulizia fundi Wilondja, Mkongo mrefu. Mama mmoja wa Kimalawi aliyekuwa anafagia akamwonyesha nyumba yenye kiduka mbele.

“Zikomo, mama,” Nadège alishukuru kwa Kichewa.

Kiduka kilijaa paketi. Supu ya uyoga, krimu ya mkebe, unga wa keki, mchuzi wa makaroni. Zote alizozitafuta zilikuwa pale, zimepangwa mlangoni kwa mchumba wake. Akaweka ndoo chini.

Akatoka mwanamke mweupe kiasi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, tumbo limeanza kuonekana chini ya gauni. Aliiona ndoo ya majani, akaiangalia sura ya Nadège, akapiga makofi.

“Mungu wangu! Si njo weye Nadège? Nilikuona kwa picha ya simu yake! Karibu, belle-sœur! Karibu sana! Mi njo Darlène, bibi ya kaka yako!”

Belle-sœur. Wifi.

Kuna maneno yakikupiga hupigi kelele, kwa sababu hujui kelele ianzie wapi. Nadège alisikia mdomo wake ukisema “aksanti.” Akaingizwa ndani, akapewa kiti, akapewa maji baridi.

“Nilimuambia alete dada yake nimujue. Kila siku, kesho, kesho. Wanaume! Ile kuku umefanikiwa?”

“Njo weye ulikuwa unaandika?”

“Ni mi. Yeye alisema: dada yangu wa kambi hajue kupika kabisa, mufundishe hata kidogo apate bwana. Nikamuandikia, yeye anakutumia.”

“Dada Darlène. Ulijua kwa kambi hatuna four? Hatuna friza? Hizi mapaketi, hatuna?”

Darlène alishangaa, wala hakuwa anajifanya.

“Nilimuuliza! Nilisema, wacha nimuandikie kitu cha kupika kwa mbabula. Akakataa. Akasema, dada iko na vyote, muandikie hii ya four.”

Basi hapo ndipo Nadège alipoelewa. Wilondja alimpa mlango, halafu akampa ufunguo ambao alijua hauuzwi Dzaleka. Tarehe isingefika kamwe, na lawama ingekuwa ya mpishi.

“Umechoka, eh? Ni safari,” alisema Darlène kwa upole. “Kula kwanza.”

Akafungua four. Kuku wa krimu akatoka, juu pamekauka rangi ya dhahabu. Nadège alionja. Alitaka sana chakula kile kiwe kibaya. Kilikuwa kitamu, na hilo lilimwumiza kuliko yote.

“Siku pasteri alikuja kutubariki, Wilondja alikula hii hii kuku,” Darlène aliendelea, macho yakimwangaza. “Akasimama, akanawa, akasema: ‘Nimekula kwetu.’ Mi nikacheka, nilifikiri ni mchezo. Njo akanielezea desturi yenu ya Fizi, eti inasemwa mara moja tu. Wee! Nililia. Sisi ba Bukavu hatuna kitu muzuri hivi.”

Nadège aliweka uma chini.

“Lakini nikuambie siri,” Darlène akapunguza sauti. “Kwa usingizi anaita sombe. Nilimununulia ile ya friza, ya paketi. Hakumaliza. Nifundishe, belle-sœur. Majani umeleta.”

Angekuwa mwingine, ndoo ingeruka hapo hapo. Lakini mwanamke huyu alimpa maji baridi, akamwita ndugu, na hakuwa na kosa hata la chumvi. Nadège akainuka.

“Kinu iko wapi?”

Wakaazima kinu kwa yule mama mwenye ufagio. Nadège akatwanga. Alitwanga majani yale mpaka kuta za uani zikaitikia, na Darlène akasimama karibu akiuliza: sasa tosha? Bado. Sasa? Bado.

“Namna hii ni kazi ya siku muzima!”

“Njo maana inaitwa kupika.”

Mchana ulipoinama, lango likalia. Wilondja akaingia na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni. Akamwona Nadège mbele ya mbabula, mwiko mkononi. Rangi ikamtoka, halafu sauti ikaja, kubwa kupita kiasi.

“Dada! Dada yangu! Umefika lini?”

“Leo, kaka.”

Darlène akacheka kwa furaha, akaingia ndani kutafuta sahani. Wilondja akamsogelea Nadège haraka.

“Sheri, nyamaza kwanza. Nakuomba. Hii ni kwa sababu ya dossier. Darlène iko na dossier ya Kanada, makaratasi ya kuhamia kule, iko karibu. Mi niko ndani kama bwana yake.”

“Na mi niko ndani kama nani?”

“Kama dada. Nilikuandikisha, Nadège! Sikukusahau. Tukifika, tutakuita. Utatoka kwa ile mavumbi.”

“Nitatoka nikiwa dada yako.”

“Ni makaratasi tu. Moyo wangu unaujua.”

“Siujue tena. Na ile mapaketi?”

Akainamisha macho.

“Ningefanya aje? Ningekuambia aje?”

Nadège alikoroga sombe polepole. Mawese yalikuwa yamepanda juu, mekundu.

“Sikia. Sitasema kitu. Utakaa, utakula sombe yangu. Ukimaliza, sema vile kaka anasema kwa dada. Sema umeshiba. Mi nitabeba ndoo yangu nirudi, na dossier yako itaenda.”

“Basi tu?”

“Basi tu.”

Alipumua, mjinga yule. Alidhani ameponyoka.

Wakakaa mezani. Wilondja akakata bugali, akachovya, akatia mdomoni. Alikuwa anaongea habari za kazini, akanyamaza katikati ya sentensi. Akachovya tena. Hakumwangalia mtu. Alikula kama watoto wanavyokula kwa bibi yao, kichwa chini, vidole vikipangusa sahani mpaka ikang’aa. Jasho likamtoka, na machozi nayo yakashuka, hakuyafuta. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, na ya Wilondja iliishia kwenye sahani ile.

Akasimama. Akamimina maji, akanawa mikono. Mwili ulifanya kama ulivyofunzwa utotoni, kichwa hakikuitwa.

“Nimekula kwetu,” alisema.

Darlène akaweka kijiko chini.

“Umesema nini?”

Wilondja akazinduka.

“Nimeshiba. Nilitaka kusema nimeshiba.”

“Wilondja. Kwa dada banasema nini?”

“Darlène, wacha...”

“Ulinifundisha mwenyewe. Banasema nini?”

“Nimeshiba.”

“Na weye umesema nini?”

Darlène akamgeukia Nadège.

“Weye ni nani?”

“Mi si dada yake. Mi njo muchumba. Tangu kabla ya weye. Nisamehe. Leo asubuhi sikujua kama uko.”

Nilitarajia vyombo vivunjike, na wewe pia. Hakuna kilichovunjika. Darlène alikaa akishika tumbo lake kwa mikono miwili, akalia bila sauti, na Nadège akamwonea huruma huku moyo wake mwenyewe ukiwa unachinjwa.

Halafu Nadège akasimama. Alichosema baadaye kilimshangaza hata yeye.

“Wilondja. Ile neno umesema mbele ya bibi yako, na hakuna mutu alikulazimisha. Kama ni ya kweli, simama twende. Hatuna Kanada. Tuko na kinu, tuko na mbabula. Twende.”

Wilondja alimwangalia. Kwa macho, alikwenda. Kwa macho alikuwa tayari yuko Dzaleka, ameketi benchi. Lakini makalio yake hayakubanduka kwenye kiti. Aliangalia kiduka, akaangalia tumbo la Darlène, akaangalia sakafu.

“Dossier imefika mbali,” alisema.

Nadège akangoja kidogo zaidi. Aibu ya kungoja pale aliijua, akangoja hivyo hivyo.

“Mufukuze basi!” Nadège alimwambia Darlène.

“Nimufukuze niende na nani?” Darlène alijibu, sauti imekauka. “Siku ile batatuita, bataniuliza bwana iko wapi. Mi nitasema nini? Siko na pa kurudia, Nadège. Hata mi. Enda. Nakuomba, enda.”

Nadège akachukua ndoo tupu, akatoka. Hakuna aliyemsindikiza.

Kwenye minibasi simu ilitetemeka.

“Sheri, ile neno ilikuwa ya kweli. Ile ya kwanza, kwa Darlène, njo ilikuwa ya makaratasi. Nisamehe.”

Akaisoma, akaisoma tena. Ukweli umefika, na haukuwa na kazi yoyote ya kufanya. Akaifuta.

Alikuta Mama Annuarite mlangoni pake, kwenye kigoda kile, bakuli mapajani. Uso wa mzee ulikuwa umekwisha kujibu kila kitu.

“Ulijua, mama.”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu pasteri alibabariki. Nilikuwa pale.”

“Na kila jioni ulikuja kula kwangu.”

“Nilikuja.” Mzee alianza kulia. “Jina langu nalo iko ndani ya dossier, mwanangu. Miguu yangu unaiona. Niliogopa kufia huku. Kila siku nilisema, leo nitamuambia. Halafu unanitilia sombe, ninashindwa.”

Nadège hakuwa na nguvu ya kugomba. Watu aliowapenda walikuwa wamejipanga kwenye mstari wa kutoka, na kila mmoja alikuwa amemkanyaga kidogo ili afike mbele. Angewalaani, lakini mlango wa kutoka kambini wote wanaujua ulivyo mwembamba.

Akawasha mbabula. Sokoni kesho watu watataka kula, hawatauliza habari za moyo wake. Kulikuwa na sombe ya jana, akaipasha. Akatia kwenye bakuli la mzee, kwa sababu mkono ulishazoea.

Mama Annuarite alikula machozi yakidondokea humo. Alipomaliza akajikokota akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamimina maji ya kikombe, akanawa mikono, akamgeukia binti ambaye hatakuwa mkwe wake.

“Kama mwanangu ameshindwa, mi nitasema mahali pake. Nadège, nime...”

“Hapana, mama.”

Nadège alichukua bakuli mikononi mwake, taratibu, bila hasira.

“Usiseme ile. Sema umeshiba.”